Mafuta ya Shahamu Hayavuki Kigongo

Kwenu mnaobaki karakana,

Mtakapofungua kitabu cha safari za lori, kile chenye jalada la kijani lililoshikizwa kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, mtafika ukurasa mmoja ambao neno limekatwa na maneno mengine yameandikwa juu yake kwa wino mwekundu. Ni mimi niliyekata. Nilikata siku ya kukabidhi funguo, kabla mkuu wa chuo hajaanza hotuba yake, kwa hiyo asije mtu akasema kitabu kimechezewa. Haya ninayowaandikia ni maelezo ya ukurasa huo. Kwa kuwa ukurasa wenyewe hauelezi kitu, itabidi nianze mbali.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vipo kwenye faili, na faili lenyewe ni jembamba.

Nilifika chuoni hapa Mwanza nikiwa dereva tayari. Nilikuwa nimebeba marobota ya pamba miaka ya kutosha kujua lori linapodanganya na linaposema kweli. Hili la chuo lilikuwa la tani saba, kichwa cha buluu, mlango wa kushoto haufunguki kwa ndani. Wakanionyesha mahali pa kuliegesha, kisha wakanipeleka nyuma ya karakana, kwenye banda la mabati, nikamwone mwenye mafuta.

Mwenye mafuta alikuwa Mwalimu Kamugisha, Mhaya wa Muleba, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni na koti la maabara ambalo zamani lilikuwa jeupe. Asubuhi alifundisha injini. Mchana alipika dizeli. Sijakosea kuandika: alipika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Mabula? Umewahi kukaanga samaki?"

"Nimewahi kuwala."

"Basi nusu ya kazi unaijua." Akanipa mwiko mrefu kama kasia. "Koroga. Usisimame mpaka nikuambie, na usivute pumzi ukiwa umeinama juu ya pipa."

Hivyo ndivyo ilivyopita siku yangu ya kwanza ya udereva, bila kugusa usukani.

Wengine wenu mmekuja juzi na hamkuyakuta mapipa yakiwa kumi, kwa hiyo nieleze kidogo. Tulikusanya mafuta yaliyochoka kukaanga chipsi, kwa wauzaji wa Buzuruga na kwenye hoteli mbili za mjini. Tulichukua mafuta ya mbegu za pamba yaliyokataliwa na viwanda. Tulichukua pia shahamu: ya sangara kutoka kwa wanaokata minofu ya samaki, na ya ng'ombe kutoka machinjioni. Vyote vilichujwa kwa kitenge kikuukuu na kuchemshwa mpaka maji yaishe. Kisha vikachanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, na kukorogwa na mtu kama mimi. Kesho yake chini ya pipa kulikuwa na uji mweusi na juu kulikuwa na mafuta mepesi ya rangi ya asali. Uji mweusi tuliufanya sabuni. Yale ya rangi ya asali yalioshwa kwa maji, yakakaushwa, yakaenda kwenye tangi. Mara ya kwanza nilipoliwasha lori kwa mafuta hayo na kulisikia linanguruma kama siku zote, nilivunjika moyo kidogo, kama mtu aliyesubiri muujiza akaletewa Jumanne.

Kilichobadilika ni harufu. Moshi wetu ulinukia chipsi. Nikipita stendi ya Buzuruga wapiga debe waliacha abiria wao wakanigeukia. "Mzee, weka na kachumbari!" "Sahani moja hapa, chumvi kidogo!" Mbwa wa Ilemela walilifuata lori kwa heshima ambayo hawakuwahi kuwapa mabwana zao. Askari wa usalama barabarani alinisimamisha siku moja, akazunguka nyuma, akanusa bomba la moshi, akarudi dirishani.

"Dereva, unapika humo ndani?"

"Hapana, afande. Gari lenyewe ndilo linapika."

Akachukua leseni yangu, akaisoma pande zote mbili, akanirudishia.

Wiki za mwanzo zilikuwa za aibu. Hakuna aliyeniambia kwamba mafuta haya yanasafisha. Tangi la lori lilikuwa na uchafu wa miaka yote ya dizeli ya vituoni, umelala chini kwa amani. Mafuta ya Mwalimu yakaubandua wote na kuupeleka kwenye chujio. Mara ya kwanza lilizima penye mteremko wa kuingilia feri pale Kigongo. Nyuma yangu kulikuwa na mabasi mawili, malori ya ndizi, na padri mmoja kwenye pikipiki. Nililala chini ya lori nikibadilisha chujio huku nikifundishwa udereva na watu wasiopungua hamsini. Padri peke yake ndiye hakusema kitu, lakini alipiga honi.

Baadaye mipira ya kupitisha mafuta ilivimba ikawa laini kama utumbo, ikaanza kuvuja. Tukaweka mipira ya aina nyingine. Rangi chini ya mdomo wa tangi ilibanduka. Nilipomlalamikia Mwalimu aliangalia lile doa kwa furaha.

"Umeona? Haya mafuta ni sabuni ambayo haijui kama ni sabuni."

Nilijifunza kwake karibu kila ninachokijua. Jambo moja alilolishikilia kuliko yote tuliliita kulaza chupa. Kila pipa lilipokamilika alijaza chupa ya jemu, akaifunga, akaiandika namba ya pipa, akaiacha nje dirishani usiku kucha. Alfajiri alikuja kuisoma kabla jua halijapanda. Kama mafuta yalibaki maangavu, pipa lilikwenda popote. Kama yalifanya ukungu, au yaliota weupe chini ya chupa, alichukua chaki akaandika kwenye pipa: SHAHAMU – MJINI TU. Sababu ni rahisi. Mafuta yaliyotokana na pamba huvumilia baridi. Yaliyotokana na shahamu huwa yanarudi kuwa shahamu hewa inapopoa, hasa ile ya ng'ombe. Ufukweni kwetu jua linayaokoa. Ukivuka ziwa ukaelekea milima ya Kagera, mwezi wa sita au wa saba, ukalaza gari huko, asubuhi unaamka na tangi la samli.

"Ya shahamu hayavuki Kigongo," alisema. Aliisema sheria hiyo darasani, karakanani, na mezani kwake akila ndizi.

"Na Kamanga je, Mwalimu?" nilimuuliza siku moja, kumchokoza. "Kule nako ni ng'ambo."

"Kamanga unakwenda na kurudi kabla ya chai ya jioni. Nazungumzia kulala, Mabula. Gari ni kama wewe, ubaya wake hutoka likishalala."

Sheria yake ya pili ilikuwa dumu moja la dizeli ya kituoni nyuma ya kiti, lita ishirini, kila safari, hata ya kwenda sokoni. Nilidhani ni woga. Nililibeba dumu hilo miaka mingi bila kulifungua.

Sasa nimtaje Koku, maana bila yeye hakuna ukurasa. Koku alikuwa binti pekee wa Mwalimu, muuguzi katika hospitali moja ya mjini. Mama yake alikufa mapema, wakaleana wao kwa wao, baba na binti, kila mmoja akidhani ndiye anayemlea mwenzake. Alikuwa akipita karakana jioni, bado kavaa sare, akimkaripia baba yake kwa kutokula.

Siku moja magadi makali yalimrukia Mwalimu kwenye jicho la kushoto. Alikuwa amevua miwani ya kazi ili aone vizuri. Tulimwosha kwa maji mengi, Koku akaitwa, akamhudumia, na jicho likapona lakini si sana. Wiki hiyo kaka yake Mwalimu alikuwa amekuja kumjulia hali kutoka Muleba. Jina lake Laurenti. Mimi nilimwita Ta Laurenti, kama Wahaya wanavyowaita wazee wao. Alikuwa ameketi kwenye benchi letu la karakana, kofia magotini, Koku alipofika na kumkuta baba yake, jicho limefungwa bandeji, anapima magadi.

"Baba, acha kazi hii."

"Nimalize pipa hili."

"Kila siku ni pipa hili. Ipo siku mafuta haya yatakuzika."

Alisema kwa sauti, mbele yetu sote, kisha akalia, kisha akachukua mizani akapima yeye. Sisi wa karakana tulikumbuka kwamba alilia na kwamba alipima. Ta Laurenti alikumbuka maneno.

Mwalimu alifariki miaka kadhaa baada ya hapo, mwezi wa saba, kwa moyo. Magadi hayakuhusika wala mafuta hayakuhusika. Ndugu walitaka likodiwe gari la msiba lenye vioo na king'ora, limpeleke Muleba akazikwe kwenye kibanja chao, katikati ya migomba, walikozikwa wazee wake. Koku alikataa.

"Baba atapanda lori lake."

"Lori la samaki?" Ta Laurenti aliuliza. "Mwalimu mzima?"

"Si la samaki. Ni lake."

Nilifurahi. Nilikwenda bandani kujaza tangi, na hapo ndipo nilipokosea. Kulikuwa na mapipa mawili ya mafuta ya pamba, safi, yaliyolazwa chupa na kufaulu. Kulikuwa na pipa moja la shahamu ya ng'ombe. Chaki ilikuwa bado mpya, mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima: SHAHAMU – MJINI TU. Mapipa ya pamba nilikuwa nimeyakoroga mimi. Lile la shahamu alilikoroga yeye mwenyewe, wiki yake ya mwisho, akikataa nimpokee mwiko. Nilisimama hapo kitambo. Nikaona si haki mtu huyu aende kwao kwa mafuta niliyoyapika mimi. Aende kwa yale aliyopika kwa mkono wake mara ya mwisho. Nikasema ni usiku mmoja tu njiani. Nikajaza tangi mpaka shingoni.

Naandika hivi kwa utulivu kwa sababu muda umepita. Siku ile pia nilikuwa mtulivu, na hilo ndilo baya.

Tuliondoka baada ya misa. Jeneza lilikuwa nyuma pamoja na kina mama wa jumuiya na wanaume wachache. Kabini nilikuwa mimi, Koku katikati, Ta Laurenti dirishani. Kigongo tulikuta foleni ndefu. Siku hizo daraja halijajengwa. Tulivuka jua likiwa limeshuka, kwa hiyo tukalala Biharamulo, kwenye uwanja wa kanisa. Nilizima lori, nikavuta koti. Palikuwa na baridi ya kuumiza vidole. Nilijua.

Alfajiri liliwaka vizuri. Mafuta yaliyobaki kwenye mipira na kwenye pampu yalitosha kwa mwendo wa kama nusu saa. Barabara ilianza kupanda, ukungu umekaa juu ya migomba, kina mama nyuma wanaimba wimbo wa kuaga. Lori likakohoa. Likavuta kidogo, likakohoa tena, likazima. Aliyeendesha kwa mafuta yetu anakijua kikohozi hicho. Ni cha injini yenye njaa ilhali tangi limejaa.

Wimbo uliendelea ubeti mmoja zaidi, ukakatika.

Ta Laurenti alipitisha mkono dirishani, akafungua mlango kwa nje, akashuka, akavua kofia, akaenda nyuma, akasimama penye bodi.

"Kamugisha," aliita polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. "Kuna nini?"

Mimi Msukuma, na kwetu pia nimeliona hilo. Gari lenye jeneza likisimama, halihesabiwi kuwa limeharibika. Aliyelala ndani ana neno. Yupo aliyemkosea, na safari haiendelei mpaka mtu huyo aseme. Nimebeba misiba mingi na nimeona redieta ikikauka huku watu wanatafuta mkosaji.

"Koku, shuka," alisema Ta Laurenti.

"Baba mkubwa, gari limeharibika."

"Limetoka Mwanza zima. Limekuja kuharibika hapa, mlangoni kwao. Ulimwambia nini baba yako siku ile, mimi nimekaa pale, jicho lake limefungwa?"

"Nilimwambia aache."

"Ulimwambia mafuta yatamzika. Ukakataa gari la heshima, ukampakia kwenye hili. Haya, mafuta yanamzika. Muombe radhi hapa mbele ya watu. La sivyo kaburini hutatupa udongo. Nasema mimi kaka yake."

Koku aliangalia wale wa nyuma ya lori. Walikuwa watu waliomjua tangu anatambaa.

"Omba tu, mwanangu, yaishe," alisema mama mmoja.

"Hata kama hukukosa, omba," alisema mwingine. "Watu huko wamepika, wanatungoja."

Wakati huo nilikuwa nimeinua kabini, kichwa kimeingia kwenye injini, spana namba kumi na nne mkononi. Nilifungua waya wa betri usiokuwa na kosa nikaufunga tena. Nikaufungua, nikaufunga. Nilikuwa nikipiga hesabu. Nikisema, chuo kitafunga banda la mafuta, maana mkuu alikuwa akitafuta sababu. Nikisema, watajua kwamba dereva wa Mwalimu ndiye aliyemwangusha Mwalimu barabarani. Nikinyamaza, jua litapanda, mafuta yatalainika, tutakwenda, na hakuna atakayejua. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikipiga wakati Koku anapiga magoti kwenye changarawe, paji la uso kwenye bodi ya lori.

"Baba, nisamehe. Niliogopa jicho lako. Nisamehe nilivyosema."

Kina mama walijibu amina. Ta Laurenti akanigeukia.

"Dereva, washa."

Nikashusha kabini, nikakaa, nikazungusha ufunguo. Chujio likiachwa kidogo huwa linapitisha matone mawili matatu. Lori likawaka. Nyuma wakasema asante Yesu, mtu akaanza wimbo. Nikaingiza gia, nikamwomba Mungu wa Wahaya na wa Wasukuma kwa pamoja. Tukatembea hatua kama kumi. Likakohoa, likazima.

Koku alikuwa bado yuko chini barabarani, kitenge kimejaa vumbi magotini.

"Bado kuna jambo hajasema," alisema Ta Laurenti. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa anamzika mdogo wake. "Sema lote, Koku."

"Sina lingine."

"Unalo. Umeona mwenyewe, ameanza kwenda, amesimama."

"Baba mkubwa, sina."

Mama mmoja aliyekuwa ameshuka kumshika mkono akauachia. Hakuuachia kwa hasira. Aliuachia tu. Hapo ndipo niliposhuka.

"Ta Laurenti, mwache mtoto. Jambo ninalo mimi. Mafuta yameganda."

"Mafuta hugandaje, dereva? Kinachoganda ni maji."

Maneno yasingetosha. Chini ya kiti nilikuwa na chupa ya jemu, moja ya zile za kulaza. Nikafungua nati ya chini ya tangi. Hayakutiririka. Yalishuka kwa uvivu kama uji wa mtoto, meupe, yakajaza chupa, yakatulia humo bila kutikisika. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba, na mwenye nyumba, mama aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni akitutazama tangu mwanzo, alikuwa na maji jikoni ya kupikia uji. Nikamwomba. Alileta sufuria nzima. Nikaitumbukiza chupa mpaka shingoni.

Watu wote walikuja kuinama juu ya sufuria ile, waliovaa rozari na wasiovaa. Weupe ulianza kuachia pembeni. Ukapungua, ukabaki kama wingu katikati, wingu likashuka, likaisha. Chupa ikawa na rangi ya asali.

"Kumbe," alisema mtu.

Ta Laurenti aliichukua chupa, akaifuta kwa kofia yake, akaiinua kwenye mwanga. Aliishika kwa vidole vitatu, kichwa kimeinama upande. Nilikuwa sijaona kabla ya hapo kwamba walifanana.

"Kwa hiyo hana neno?"

"Hana. Kosa ni langu. Nilijaza mafuta ya mjini, kumbe huku baridi ni kali."

Mtaona nimesema kweli. Mtaona pia nilipoichanganya na uongo. Nilisema kana kwamba baridi ya milima ni habari niliyoipata asubuhi ile.

Kilichofuata ni ufundi, na kwa kuwa mtaulizwa siku moja, kiandikeni mahali. Nilitoa dumu la dizeli nyuma ya kiti. Nilifunga chujio jipya, nikalijaza kwa dizeli ya dumu. Nikachomoa mpira unaotoka kwenye tangi, nikaunganisha mwingine mrefu, nikaupitisha dirishani mpaka ndani ya dumu, ili pampu ivute kutoka humo moja kwa moja. Maji ya moto yaliyobaki nilimwagia pampu na mipira kwa kitambaa, taratibu. Nikatoa upepo kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Liliwaka nilipozungusha ufunguo mara ya pili.

Dumu lilitaka mtu wa kulishika, mpira usichomoke kwenye mashimo.

"Lete," alisema Koku.

Alikaa nalo katikati ya miguu, mkono mmoja kwenye mpira, mwingine kwenye mdomo wa dumu, mpaka Muleba. Ta Laurenti alishikilia mpira pale unapopita dirishani, usibanwe. Kila lori liliporuka shimo wote wawili walikaza mikono.

Tulifika mchana, dumu limebaki kidogo chini. Walimzika kwenye kibanja, migomba imefagiliwa chini mpaka udongo unang'aa. Ilipofika zamu ya ndugu kutupa udongo, Ta Laurenti aliinama wa kwanza, akachota. Hakuutupa. Alimpa Koku, mkononi mwake, akamfumba vidole. Koku akatupa. Kisha mzee akachota wa kwake.

Baada ya mazishi nilikuwa nanawa nyuma ya nyumba. Koku akaja na kata ya maji, akanimiminia. Mtoto akimmiminia mtu mzima maji ni heshima. Nilitamani asinimiminie.

"Anko Mabula. Ya shahamu hayavuki Kigongo."

Nikaendelea kusugua grisi vidoleni.

"Nimekula na sheria hiyo mezani tangu nina miaka saba," alisema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu bandani. Chaki niliisoma."

"Na nilipopiga magoti?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unafanya nini kule kwenye injini?"

"Nilikuwa nafunga waya wa betri."

"Ulikuwa umelegea?"

"Haukulegea."

Alinimiminia maji mpaka kata ikaisha. Nilimweleza kwa nini nilichagua pipa lile, mkono wa nani ulilikoroga. Alisikiliza. Macho yake yalijaa, na nikadhani amenielewa, na nadhani kweli alinielewa.

"Udongo nimetupa," alisema. "Hilo jingine ubaki nalo mwenyewe."

Niliporudi chuoni nilijaza kitabu cha safari. Kwenye safu ya hitilafu niliandika: lori lilizima njiani. Kwenye safu ya chanzo niliandika: baridi. Mkuu alisoma, akasema bahati mbaya, akatia sahihi. Banda halikufungwa. Mwaka uliofuata tulizungushia tangi bomba la maji moto kutoka kwenye redieta, lile mnalolikuta leo. Nimeliendesha lori hilo miaka mingine mingi, nimevuka Kigongo kwa feri na sasa kwa daraja, na sikuwahi tena kulaza mafuta ya shahamu ng'ambo. Kila mara nilipojaza kitabu niliufunika ukurasa ule kwa kiganja.

Siku ya kuagwa kwangu Koku alikuja mapema, kabla ya wageni. Sasa ni muuguzi mkuu wa wodi na anavaa miwani kama ya baba yake. Alinikuta bandani napanga funguo kwenye bahasha.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakabidhi kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na kitabu?"

Nilikwenda kabatini, nikakileta. Sikuhitaji kutafuta ukurasa. Nilipapasa mifuko yangu, sikuwa na kalamu, nilikuwa nimezikabidhi zote. Akanipa ya kwake, nyekundu, ya kuandikia chati za wagonjwa. Nikakata neno baridi. Juu yake nikaandika: Dereva. Alijua.

Koku akasoma, akachukua kalamu yake, akaifunika, akairudisha mfukoni. Kisha tukaenda kusikiliza hotuba.